Tumeishia Sura ya Kwanza ya Ayubu

Katika msiba wowote wa Kikristo ninaohudhuria, uwe wa Dar es Salaam au wa kwetu Marangu, mstari mmoja haukosi. Utaukuta chini ya picha ya marehemu kwenye ratiba ya mazishi, anayesoma wasifu atamalizia nao, na wakati wa kuweka mashada mtu atausema tena: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe. Ni Ayubu 1:21. Naupenda mstari huo. Tulipomzika mama pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, niliutamka pamoja na watu wote, na niliumaanisha kadiri nilivyoweza.

Ila kitabu cha Ayubu kina sura 42. Mtu yule yule aliyesema maneno hayo alikaa chini na rafiki zake siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Sura ya tatu akafumbua kinywa, akailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamhoji Mungu sura baada ya sura, anataka kesi yake isikilizwe, anauliza amekosa nini. Rafiki zake wanashtuka. Wanamtetea Mungu kwa hoja safi kabisa, hoja ambazo ukizisikia madhabahuni unaitikia amina. Na mwishoni, sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Mstari huo sijawahi kuusikia msibani hata siku moja.

Nasema haya nikiwa ndani ya nyumba. Mimi ni mtoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya ya vijana, na sekondari nilikuwa UKWATA, umoja wa wanafunzi wa Kikristo. Mnada wa sadaka baada ya ibada, mkungu wa ndizi unanunuliwa, unarudishwa, unanunuliwa tena mpaka unazidi bei ya mbuzi, kwangu ni furaha ambayo siwezi kuibadilisha na kitu. Kanisa limenifundisha kuomba kwa sauti mbele za watu, kufunga, kukesha, kushukuru na kuombea wengine kwa majina yao. Jambo moja halikunifundisha: mtu aseme nini kwa Mungu pale alipoomba, akafunga, akakesha, na asipewe.

Nilipofika chuo mafundisho ya kukiri yalikuwa yamepamba moto kwenye fellowship za wanafunzi. Ukiulizwa hali husemi naumwa, unasema nimepona kwa jina la Yesu. Ukisema sina ada, unaambiwa umejifunga kwa kinywa chako mwenyewe. Mstari wa kushika ulikuwa Mithali 18:21, kwamba mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Siyabezi mafundisho hayo. Yapo maneno ambayo kijana asiye na ajira akijisemea kila asubuhi yanammaliza, na niliona wenzangu waliokuwa wamekata tamaa wakinyanyuka kwa sababu mtu aliwaambia wajitamkie jema. Lakini niliona pia mafundisho hayo yalipofika nyumbani kwetu.

Figo za mama zilipofeli alihamia Dar kukaa na sisi, kwa sababu alihitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne nzima akiwa kwenye mashine. Mkono wake wa kushoto madaktari walikuwa wameunganisha mishipa ya damu. Ukiweka kiganja juu yake unahisi damu ikivuma chini ya ngozi, bila kupumzika. Maji alipimiwa kwa kikombe kidogo, na siku za joto nilimpa kipande cha barafu anyonye taratibu. Ndugu wa kanisani hawakutuacha, na hilo nitalisema mpaka mwisho wa maisha yangu. Walichanga, walipika, walishika zamu za kumpeleka na kumrudisha.

Siku moja alikuja mtumishi kijana kumwombea. Aliomba kwa nguvu na kwa upendo, mpaka shati likalowa. Kabla ya kuondoka akamwambia, "Mama yangu, kuanzia leo usiseme tena figo zangu zimekufa. Kiri uzima." Mama alikuwa mtu mtiifu kwa watumishi wa Mungu. Akaanza kujibu kila anayemsalimia, "Nimepona, Bwana asifiwe." Miguu ikavimba, akasema iko sawa. Usiku pumzi ikambana, hakutuita. Tulipomkuta asubuhi ameegemea ukuta, hawezi kulala chali, nikamwuliza kwa nini hakusema, akanijibu kwamba hakutaka kuharibu imani. Yule kijana sina kinyongo naye. Alimpa mama kile alichopewa yeye. Ninachokikataa ni imani inayomfanya mgonjwa aone aibu kusema anaumwa, mbele za wanawe na mbele za Mungu aliyemuumba.

Maana kulikuwa na maombi mengine ambayo wageni hawakuyasikia. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mmoja. Usiku wa manane mama aliomba kwa Kichagga, lugha ambayo kanisani Dar hakuitumia, akimwita Mungu Ruwa kama bibi alivyomwita. Hapo hakukiri chochote. Aliuliza. Aliuliza kwa nini, na mpaka lini, akataja majina yetu mmoja mmoja akitaka kujua nani atatutazama. Mchana alikuwa na Mungu wa kumjibia vizuri, usiku alikuwa na Mungu wa kumwambia ukweli, na mimi niliyelelewa kanisani sikujua kwamba huyo wa usiku ndiye Zaburi zinamwimbia ukurasa baada ya ukurasa.

Nilikuja kulijua kwenye jumuiya. Wasiosali kwetu labda hawajui jumuiya ni nini: ni nyumba chache za jirani zinazokutana kila wiki, kwetu Jumamosi saa 12 asubuhi, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani. Mahudhurio yanaandikwa kwenye daftari la kaunta, neno linasomwa, kikapu cha sadaka kinapita, halafu chai ya rangi na maandazi. Kabla ya maombi kila mmoja anasema neno la shukrani au hitaji lake.

Zamu ilikuwa yetu. Ilipofika nafasi ya mama, akavuta khanga mabegani akasema, "Mimi leo sina ushuhuda. Nimechoka. Na nimemwambia Mungu kwamba nimechoka, na naona kama hanisikii." Sebule ikawa kimya. Kisha dada mmoja, kwa nia njema kabisa, akaanzisha pambio la kumwinua, na wengine wakashukuru kupata kitu cha kufanya, wakapokea na kupiga makofi. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mzee mmoja mwalimu mstaafu, hakuimba. Alingoja pambio liishe, akavaa miwani, akasema, "Tusimfunike mama. Tumsindikize." Akafungua Zaburi ya 13 akasoma polepole: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Alipomaliza akamwomba mama, kama anaweza, arudie yeye mistari miwili ya kwanza. Mama akasoma. Akalia, na wanawake wawili wakasogeza viti wakamshika, na safari hii hakuna aliyemwambia jikaze.

Baada ya chai nilimsalimia yule mzee na kumwuliza kama ile ilikuwa sahihi. Akaniambia nihesabu mwenyewe. Nikahesabu. Karibu theluthi ya Zaburi ni za kulalamika, kulia na kuuliza. Nyingi zinaishia kwenye tumaini. Ya 88 haiishii huko: inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu na inamalizikia gizani, hakuna mstari wa faraja mwishoni. Waliokusanya Zaburi waliiacha ilivyo, na watu wakaiimba hekaluni. Ikabidi nijiulize nyimbo za kwaya yetu, tunazojirekodi kwa gharama kubwa na sare mpya, ni ngapi zinaweza kuimbwa na mtu ambaye hajashinda bado.

Mama alifariki miezi kadhaa baadaye. Kwenye maziko na matanga nilisikia jikaze mara nyingi kuliko neno lingine lolote, na jikaze ya Kikristo huja na 1 Wathesalonike 4:13, msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Someni mstari huo vizuri. Paulo hajawakataza kuhuzunika. Amewaambia tu huzuni yao isifanane na ya mtu asiye na pa kutazamia. Yesu mwenyewe alijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro angetoka kaburini, na bado alilia. Na Martha na Mariamu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimpokea kwa maneno yale yale: Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Hiyo ni lawama, na aliyelaumiwa hakumkemea hata mmoja wao.

Sisi Walutheri tungepaswa kulijua hili kuliko wengi. Mwaka 1542 Luther alimzika binti yake Magdalena, mtoto wa miaka 13. Baadaye akamwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe wanajua wanapaswa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema wa mtoto wao, lakini hawawezi kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Huyu ndiye aliyetufundisha kwamba tunaokolewa kwa imani. Hakuona kwamba machozi yake yanaipinga.

Nilipoleta mambo haya kwenye kipindi cha neno cha vijana, mjadala ulikuwa mkali, na nataka kumtendea haki aliyenipinga. Ni kaka ninayemheshimu, mwombaji kweli kweli, wa kuamka alfajiri kila siku. Alisema kulalamika ni dhambi, na ushahidi ni wana wa Israeli: walinung'unika jangwani wakaangamia, na Paulo anatuonya katika 1 Wakorintho 10:10 tusinung'unike kama wao. Hoja nzito. Zamani, enzi za UKWATA, ningemjibu kwa kumrushia mistari yangu, yeye arushe yake, mpaka kengele ya bweni ilie na kila mtu aondoke na msimamo aliokuja nao. Nimekaa kwenye mijadala mingi ya namna hiyo, ya ubatizo wa maji mengi na machache, ya kunena kwa lugha, ya Sabato. Tulikuwa hodari wa kutafuta mistari, na sikumbuki hata mara moja tuliposoma sura nzima pamoja.

Kwa hiyo nikaomba tusome sura moja tu, Hesabu 11, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni sura ya ajabu kwa sababu ina malalamiko mawili. La kwanza ni la watu. Wanalilia nyama, wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu saumu, na mwisho wake wanapata kware na pigo pamoja. La pili ni la Musa, na maneno yake ni makali kuliko ya watu. Anamwuliza Mungu kwa nini amemtenda vibaya, kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa hata awabebe kifuani kama mlezi, na anamalizia kwa kuomba auawe mara moja kama ndivyo atakavyotendewa. Mungu anamjibuje? Anamwambia amkusanyie wazee 70 wa Israeli, wauchukue mzigo wa watu pamoja naye.

Chumba chetu kilikaa muda mrefu kwenye sura hiyo. Dada mmoja ndiye aliyeiona tofauti kabla yangu: watu walisemezana wao kwa wao, kila mmoja mlangoni pa hema yake, na walichotaka ni kurudi Misri. Mstari wa 20 unasema wamemkataa Bwana aliye katikati yao. Musa hakumpa Mungu kisogo. Alimwendea yeye mwenyewe, uso kwa uso, na hakutaka kurudi popote, alitaka tu mzigo upungue. Yule kaka akanyamaza, akasoma tena, akasema, "Sawa kwa Musa. Lakini mimi naogopa mtu akianza kulalamika atakaa huko huko." Ni hofu ya haki. Nimewaona watu wa namna hiyo, na sina jibu la kumfunga mdomo. Niliweza kumwambia tu kwamba mama alipofungiwa asiseme hakutoka kwenye huzuni yake, alibaki nayo peke yake gizani, na aliporuhusiwa kuisema alipata watu wawili wa kumshika.

Aliyenisaidia zaidi kufikiri si Mkristo. Rafiki yangu wa Tanga, Mwislamu, tuliyekaa chumba kimoja hosteli, alipanda basi mpaka Marangu kuja kunizikia mama, akakaa nami siku tatu. Sote tumekua tukisikia mihadhara ya vipaza sauti, huyu akifungua kitabu cha yule ili amshinde, na nadhani ndiyo maana miaka yote ya chuo tuliheshimiana kwa kuyakwepa mambo ya dini. Jioni moja alinikuta nje nasoma Zaburi ya 88 akaomba nimsomee. Nilipomaliza akauliza, bila kejeli yoyote, "Ninyi mnaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo?" Nikamwambia imo kwenye Biblia, sasa ruhusa gani tena. Akafikiri, halafu akaniambia habari za Nabii Yaakub katika sura ya Yusuf: alivyolia kwa ajili ya mwanawe mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, wanawe wakamkemea, naye akawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Ni mtu aliyekuwa amesema, mistari michache kabla, kwamba atafanya subira njema. Rafiki yangu akasema kwao wanaambiwa subira, subira, na yeye alipofiwa na baba alidhani subira ni kutolia, mpaka alipokutana na aya hiyo.

Hatukubishana nani ana kitabu. Tofauti zetu zipo, ni kubwa, na tunazijua. Petro anatuagiza kuwa tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu, na katika mihadhara yote niliyosikia utotoni sehemu ya pili ya mstari huo ilikuwa inaachwa. Jioni ile niliulizwa, nikajibu, nikauliza na mimi. Hayo ndiyo mazungumzo ya imani ninayoyatamani kanisani kwetu, hata kati yetu sisi kwa sisi.

Kuna jambo moja zito ambalo linanifanya niandike badala ya kunyamaza. Mwaka 2011, nikiwa shule ya msingi, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Majirani zetu walikodi Land Cruiser, wakaenda na wagonjwa wao. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo pale Moshi, mji ambao napita kila nikienda nyumbani, watu 20 walikufa kwenye msongamano wa mkutano wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwezi kuwasemea marehemu, wala sitaki mtu awanyooshee kidole. Walikuwa na mahitaji, kama mama. Ninachojiuliza ni sisi tuliwapa nini huko makanisani mwetu kabla hawajaanza kukimbia. Mgonjwa ambaye kila Jumapili anasikia ushuhuda wa aliyepona, na hajawahi kusikia ukisomwa ushuhuda wa asiyepona, atakwenda popote anapoambiwa jibu liko leo. Na Biblia inao watu hao. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa neema yangu yakutosha. Paulo huyo huyo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Iko 2 Timotheo 4:20, mstari mfupi ambao sijui nani amewahi kuuhubiri.

Naamini Mungu anaponya. Nimewaombea watu wakapona, na nitaendelea kuomba hivyo, kwa sauti, kwa kufunga, kwa kuwekea mikono. Ninaloomba kwa wachungaji na wazee wetu ni nafasi katika ibada kwa ajili ya wanaongoja. Hata hatuhitaji kubuni kitu kipya. Kila Jumapili kwenye liturujia tunaimba Bwana utuhurumie, Kristo utuhurumie, Bwana utuhurumie, tukitazama saa. Ndicho kilio cha Bartimayo kando ya njia ya Yeriko, aliyeambiwa anyamaze na watu waliokuwa wanamfuata Yesu, naye akazidi kupaza sauti. Mchungaji wetu amekubali kwamba kabla ya sehemu hiyo tukae kimya kidogo, kila mtu ataje moyoni mwake jambo ambalo halijajibiwa. Baadhi ya wazee wanaona inachelewesha ibada ya pili, na mazungumzo hayo bado yanaendelea.

Kwa upande wa vijana, kila Alhamisi tunasoma Maombolezo, sura moja kwa wiki, zote tano. Tumefika ya tatu. Yule kaka hajakosa hata wiki moja, na bado hakubaliani na mimi juu ya mambo mengi. Tumepatana kwamba tukimaliza, kitabu kinachofuata atachagua yeye, na ameshachagua: Wafilipi, kwa sababu anataka tusome habari za furaha. Nimemwambia nitakuja, na kwamba kipindi cha kwanza nitaomba tuanze na mahali barua hiyo ilipoandikiwa, kifungoni.